Mwongozo kamili wa kuwinda elki kwenye milima yenye dubu

Septemba 2018, katika nyika ya Teton Wilderness jimboni Wyoming, mwongoza wawindaji mmoja na mteja wake walirudi kumtafuta elki, kulungu mkubwa wa Amerika, aliyepigwa mshale siku iliyotangulia. Wakampata, wakaanza kumpasua. Wakiwa wameinama juu ya mzoga, dubu jike wa aina ya grizli aliyekuwa na mtoto mkubwa akawajia mbio. Bastola yao ilikuwa imeachwa pamoja na mabegi, kando ya walipokuwa wakifanya kazi. Mteja aliifikia, akashindwa kuifyatua, akamrushia mwenzake, isimfikie. Mteja alijeruhiwa akaokoka. Mwongozaji, mtu aliyeijua kazi yake, aliuawa.

Natanguliza tukio hili kwa sababu linaonyesha hatari ilipo. Wengi wetu tukimfikiria dubu tunafikiria kugongana naye njiani, na hilo hutokea kweli. Lakini kwa mwindaji saa mbaya zaidi ni ile inayofuata baada ya mnyama kuanguka. Damu imemwagika, matumbo yako nje, macho yameelekea chini, mikono inateleza na silaha iko mbali. Mwongozo huu unaifuata safari ya uwindaji tangu maandalizi hadi kurudi nyumbani, ila nitakaa zaidi penye mzoga.

Nawaandikia hasa ndugu zangu wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi magharibi mwa Marekani. Tangu 2016 familia za Wakongo zimepokelewa Missoula, Montana, na kule Idaho miji ya Boise na Twin Falls ina Wakongo pia. Wengi walikulia kwenye nyama ya porini, na wakisikia kwamba elki dume ana kilo 300 na zaidi, kumpita hata tandala mkubwa wa kwetu, na kwamba mmoja tu anaweza kutoa karibu kilo 100 za nyama isiyo na mifupa, hamu inawapata. Ni hamu njema, na leseni ya mkazi haina bei ya kutisha. Lakini ujuzi wa kujihadhari na mbogo au chui hautoshi hapa. Dubu ana tabia zake.

Mjue unayeingia kwake

Kuna dubu wa aina mbili kwenye milima hii. Dubu mweusi yuko karibu kila msitu wa Montana, Idaho na Wyoming. Grizli wamebaki takriban 2,000 kwenye majimbo 48 ya bara ukiondoa Alaska, na tangu 1975 wanalindwa na sheria ya serikali kuu. Makundi yao makubwa ni mawili: moja linazunguka hifadhi ya Yellowstone, na la pili linaanzia hifadhi ya Glacier kushuka nyika ya Bob Marshall Wilderness na milima ya Mission, yaani mlangoni kabisa mwa watu wa Missoula. Mwindaji wa Boise atakutana zaidi na dubu weusi, isipokuwa akielekea mashariki ya jimbo karibu na Yellowstone, au kaskazini kabisa.

Usiwatofautishe kwa rangi. Dubu mweusi anaweza kuwa wa kahawia au hata rangi ya majani makavu, na grizli anaweza kuwa mweusi tii. Tazama umbo. Grizli ana nundu ya misuli juu ya mabega, uso uliobonyea kati ya macho na pua, masikio mafupi ya mviringo, na kucha za mbele ndefu, sentimita 5 hadi 10. Dubu mweusi hana nundu, uso wake umenyooka, masikio yamechomoza, kucha ni fupi na zimepinda. Kwenye matope, nyayo za grizli huacha alama za kucha mbali mbele ya vidole, na vidole vimepangana karibu katika mstari mmoja. Montana humtaka kila anayenunua leseni ya dubu mweusi afaulu kwanza mtihani wa kuwatambua. Hata kama hutaki kumwinda dubu, jifunze masomo ya mtihani huo. Hayana gharama.

Msimu nao ni muhimu. Kuanzia mwisho wa kiangazi dubu hula karibu usiku na mchana, ajaze mafuta kabla ya kulala miezi ya baridi. Grizli anaweza kula saa 20 kwa siku. Matunda pori yakiisha na mbegu za misonobari zikiwa haba, nyama inakuwa jambo la kwanza. Huko Montana msimu wa upinde unaanza Septemba, wa bunduki mwishoni mwa Oktoba hadi baada ya sikukuu ya Thanksgiving. Kwa hiyo sisi tunaingia msituni wakati ule ule ambao dubu ana njaa kuliko nyakati zote, na tunaacha matumbo ya elki kila mahali. Dubu wamejifunza hilo. Usijipe moyo eti theluji imeanguka kwa hiyo wamelala: madume ya grizli huweza kutembea hadi Desemba.

Hatua ya kwanza: spreyi ya pilipili, na mahali inapokaa

Nunua spreyi iliyotengenezwa kwa ajili ya dubu. Ile ndogo ya kujikinga na vibaka haifai kabisa. Kopo liwe na angalau gramu 225, liandikwe kwamba limesajiliwa na mamlaka ya mazingira ya Marekani, lifike angalau mita 7 na nusu, na litoe dawa kwa sekunde sita au zaidi. Soma tarehe ya mwisho, kwa kawaida ni miaka mitatu au minne, kwa sababu gesi inayosukuma dawa hupungua. Kila mtu awe na lake. Kopo moja kwa watu watatu ni sawa na kutokuwa nalo.

Mtaulizana kama bunduki haitoshi. Mwaka 2008 Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao walichapisha uchambuzi wa matukio 83 ya Alaska ambapo spreyi ilitumika. Kwa dubu wa kahawia, ambao ni jamii moja na grizli, spreyi ilimfanya dubu aache alichokuwa akifanya mara 92 katika kila 100, na kati ya watu waliokuwa karibu na dubu asilimia 98 hawakuumia. Mwaka 2012 walitazama matukio 269 ya silaha za moto: bastola zilifaulu asilimia 84, bunduki ndefu asilimia 76. Kulinganisha namba hizi moja kwa moja si haki, maana matukio ya bunduki mengi yalikuwa ya kushambuliwa ghafla. Hata hivyo sababu za bunduki kushindwa zinaeleweka na kila mwindaji: muda mfupi, silaha haijakokiwa, mtu ametetemeka, dubu ameshafika karibu mno. Risasi lazima ipate mahali pa kumsimamisha mnyama anayekimbia. Spreyi inatandaza wingu ambalo yeye mwenyewe anaingia ndani yake, macho na pua vikawaka moto. Ukitaka bastola, beba. Spreyi usiiache.

Ikae mwilini. Kifuani au kwenye mkanda wa kiunoni, ndani ya mfuko wake maalumu, mahali mkono unapofika bila kutazama. Spreyi iliyo ndani ya begi, au mfuko wa pembeni ambao hadi mwenzako akuchomolee, haitakuokoa. Na hapa ndipo wawindaji wanaponaswa: tukianza kuchuna tunavua mkanda kwa sababu unasumbua tukiinama. Tafuta mfuko wa kifuani ambao hutalazimika kuuvua, ndiyo maana naupendelea kuliko wa kiunoni.

Kisha fanya mazoezi. Maduka yanauza makopo ya mazoezi yasiyo na pilipili. Simama uwanjani, begi mgongoni, glavu mkononi, upinde au bunduki mkononi kama utakavyokuwa. Chomoa, ondoa kizuizi cha usalama kwa kidole gumba, elekeza chini kidogo mbele yako, bonyeza. Rudia hadi mikono ifanye bila kuuliza kichwa. Grizli hukimbia karibu kilomita 56 kwa saa. Mita 45 anazimaliza kwa takriban sekunde tatu. Kama upinde umo mkononi, udondoshe. Upinde unanunulika.

Mambo madogo ya spreyi: haipandi ndege, wala kwenye begi la chini, basi anayesafiri kwenda Alaska anunue akifika. Usiiache kwenye gari juani, inaweza kupasuka. Kwenye baridi kali nguvu yake hushuka, kwa hiyo iweke ndani ya koti au ndani ya mfuko wa kulalia usiku. Usiipulizie kwenye hema au begi kama dawa ya mbu. Haifukuzi kwa njia hiyo, na mabaki yake yanaweza hata kumvuta dubu aje kunusa.

Hatua ya pili: panga kubeba kabla ya kupiga

Hili watu hawaliiti jambo la dubu, lakini mimi naona ndilo kubwa kuliko yote. Elki mmoja aliyekatwa anakuwa mizigo minne au mitano, kila mmoja kilo 25 hadi 35, bila kuhesabu kichwa. Watu wawili wenye afya watakwenda na kurudi mara mbili au tatu. Kama mmempiga saa kumi na moja jioni, kilomita nane kutoka barabarani, nyama italala porini na nyinyi mtafanya kazi gizani mkinuka damu.

Kwa hiyo mkubaliane nyumbani: baada ya saa fulani ya mchana, mbali kuliko umbali fulani, hatupigi. Kwenye nchi ya grizli mimi ningesema saa tisa mchana kama mko zaidi ya mwendo wa saa moja kutoka kwenye gari. Ni uamuzi mgumu elki dume akiwa amesimama mbele yako, ndiyo sababu uamuzi ufanywe kabla hujamwona. Ongea mapema na jamaa watakaokuja kusaidia kubeba, au tafuta mtu mwenye farasi. Kijana mwenye miguu mizuri anayesubiri simu mjini ana thamani kuliko darubini ghali.

Usiende peke yako. Mwachie mtu nyumbani ramani yenye mahali pa kuegesha gari, bonde mnaloingia na saa ya kurudi. Simu haishiki kwenye mabonde mengi, hivyo kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti kinastahili fedha yake. Beba mkanda wa kufunga jeraha linalovuja damu nyingi, na ujue kuufunga kwa mkono mmoja. Kisu, kamba ya mita 15 kwa kila mmoja, mifuko ya kitambaa ya kuwekea nyama, turubai jepesi, tochi mbili za kichwani zenye betri mpya.

Montana humtaka aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1985 awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Hata kama umri wako unakusamehe, kasome. Huko ndiko utakapowajua maofisa wa wanyamapori wa eneo lako, nao ndio wanaojua dubu wako bonde gani wiki hii. Wapigie simu kabla ya kutoka. Wanapenda kuulizwa.

Hatua ya tatu: kutembea kama mwindaji bila kumshtua dubu

Mtembea kwa miguu anaambiwa apige kelele, atembee mchana, aende kundi. Mwindaji anafanya kinyume cha yote hayo: ananyamaza, anatembea alfajiri na magharibi, anakwenda akipigwa na upepo usoni ili harufu yake isitangulie. Kila kinachomficha asionekane na elki kinamficha pia asijulikane na dubu. Hatuwezi kuepuka hilo, ila tunaweza kuchagua mahali pa kunyamaza. Ukiwa unapita tu kwenda kwenye eneo lako, gizani na tochi kichwani, ongea na mwenzako kwa sauti. Kwenye vichaka vya matunda, kando ya vijito vinavyovuma, kwenye kona usizoona mbele, toa sauti. Ukifika mahali pa kuwinda, nyamaza.

Anayeita elki kwa filimbi akumbuke kwamba sauti ya elki jike au ndama ni mwaliko kwa dubu pia. Keti ukiwa na mti mkubwa au mwamba mgongoni, mahali unapoona mita nyingi mbele, na mwenzako atazame nyuma. Usijifiche ndani ya kichaka kinene ukaita.

Soma alama. Kinyesi kibichi chenye mbegu au manyoya, miti iliyoparuliwa, magogo yaliyopinduliwa, ardhi iliyochimbwa kama imelimwa. Kunguru wengi wakizunguka mahali pamoja, au harufu ya uvundo ikija na upepo, kuna mzoga, na mzoga msimu huu una mwenyewe. Zunguka mbali. Ukimwona dubu kwa darubini anakula huko mbele, badili bonde. Hata ukipiga elki pale, utampigia yeye.

Mbwa mwache nyumbani. Anayemkimbilia dubu msituni humrudia bwana wake, na dubu nyuma yake.

Hatua ya nne: baada ya risasi au mshale

Mlio wa bunduki hauwafukuzi grizli wote. Wawindaji na maofisa wengi wanaamini kuwa baadhi ya dubu wameshajifunza kwamba mlio maana yake chakula. Mimi naamini hivyo pia, na hata kama si kila dubu, wewe jiendeshe kana kwamba yupo mmoja aliyesikia na tayari yuko njiani.

Pakia tena silaha, weka kizuizi cha usalama, angalia saa. Mwenye bunduki anayeona mnyama ameanguka aende mapema. Mwenye upinde hulazimika kusubiri kabla ya kufuata damu, na akimpoteza jioni hurudi asubuhi. Hapo elki amelala porini usiku mzima, na asubuhi unatembea ukiinamisha kichwa, ukitafuta matone. Mgawane kazi: mmoja anafuata damu, wa pili anatazama mbele na pembeni, spreyi mkononi. Anayetazama mbele na pembeni asiitazame damu hata kidogo.

Najua Waislamu miongoni mwetu hupenda kumwahi mnyama akiwa hai wamchinje. Zungumza na mwalimu wako kabla ya msimu kuhusu windo lililotajiwa jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kufyatua, ili usijikute unaingia kichakani mbio na kisu mkononi, nyuma ya mnyama aliyejeruhiwa.

Hatua ya tano: penye mzoga

Msikimbilie kisu. Simameni mita hamsini mtazame pande zote, mpige kelele, msikilize. Kisha msogee. Kama elki ameangukia kichaka kinene au bonde dogo lisiloona nje, na mnaweza kumvuta hata mita ishirini hadi penye uwazi, mvuteni.

Mlinzi ndiye mtu wa kwanza kupangwa. Mmoja anachuna, mwingine anasimama akimpa mgongo mchunaji, spreyi mkononi, anatazama upande upepo unakoelekea, kwa sababu dubu atafuata harufu kutoka huko. Mlinzi hashiki mguu wa elki, hapigi picha, hachezei simu. Badilishaneni kila baada ya dakika ishirini hivi maana macho huchoka. Mkiwa watatu, bora zaidi. Silaha ziwe mahali mkono unapofika, si pamoja na mabegi. Sasa ndio wakati wa kupiga soga, kuimba, kuitana kwa sauti. Uwindaji umekwisha, hakuna sababu ya kunong'ona.

Kuhusu kukata, kuna njia ya kutoa nyama bila kupasua tumbo, nami naiona bora kuliko zote mahali penye dubu. Mlaze ubavu. Kata ngozi kando ya uti wa mgongo, uichune kushuka chini. Toa mkono wa mbele. Hauna kiungo cha mfupa kinachoushika mwilini, kisu chembamba kinatosha. Toa paja, ukifuata mfupa wa nyonga hadi kwenye kiungo. Toa mnofu mrefu wa mgongoni, kisha nyama ya shingo na mbavu. Minofu laini ya ndani inafikiwa kwa tundu dogo nyuma ya ubavu wa mwisho, ukisukuma matumbo kando kwa mkono. Mgeuze, rudia. Mwenye uzoefu humaliza kwa saa moja na nusu au mbili, tumbo likiwa halijafunguliwa. Soma kanuni za jimbo lako kuhusu kiungo cha kuthibitisha jinsia na sehemu za nyama usizoruhusiwa kuacha. Kuacha nyama ioze ni kosa, na ni aibu.

Kila kipande kikitoka, kiingie mfuko wa kitambaa na kiondolewe hapo mara moja. Usilundike nyama kando ya mzoga hadi umalize. Ipeleke mita mia au zaidi, upande upepo unakotokea, mahali peupe mnapopaona. Dubu akija katikati ya kazi atakuta mifupa na ngozi, nanyi mtarudi nyuma kuelekea nyama yenu badala ya kugombania lundo moja. Kama mmelazimika kupasua tumbo, wekeni matumbo juu ya turubai myaburute mbali.

Giza likiwakuta, acheni. Najua inauma.

Ikiwa nyama lazima ilale

Idara ya wanyamapori ya Montana inashauri nyama itundikwe angalau mita 3 kutoka ardhini, mita 140 au zaidi kutoka kwenye matumbo, mahali unapoweza kupaona ukiwa umbali wa mita 180 hivi. Weka pia nafasi ya zaidi ya mita moja kati ya mfuko na shina la mti. Kutundika paja la elki juu hivyo kwa kamba moja ni kazi nzito. Tupa kamba juu ya tawi nene, mmoja avute na mwingine asukume kwa fito. Weka alama ya GPS, piga picha jinsi mlivyoacha kila kitu, funga utepe wa rangi kwenye miti iliyo pembeni, punguza matawi yanayokuzuia kuona. Picha hiyo ndiyo itakayokuambia kesho kama kitu kimesogezwa.

Kurudi kunahitaji adabu yake. Rudini kukiwa kweupe, mkitokea juu ikiwezekana, upepo ukiwa mgongoni mwenu ili harufu yenu itangulie. Msimame mbali, mtazame kwa darubini kwa dakika kadhaa, mpige kelele. Ndege wanasaidia: kunguru wakikaa juu ya miti bila kushuka, huenda kuna anayewazuia chini. Wakiwa chini wanadonoa kwa utulivu, ni dalili njema, lakini si hakikisho.

Kama mzoga umesogezwa, au umefukiwa kwa udongo na majani, mnyama huyo si wako tena. Dubu hufukia chakula anachokusudia kurudia, na mara nyingi hulala hapo hapo karibu akilinda. Usimfukuze, usipige risasi hewani ukitumaini. Ondokeni kimya kwa njia mliyojia, mkipata mtandao mpigie idara ya wanyamapori. Kilo mia za nyama ni chakula cha familia kwa miezi, silipuuzi hilo. Watoto wanaomngoja baba hawatauliza habari ya nyama kwanza.

Kambi

Pikeni, kuleni na mtunze nyama angalau mita 100 kutoka mnapolala. Misitu mingi ya serikali katika eneo la grizli ina amri ya kuhifadhi chakula: kitundikwe mita 3 juu na zaidi ya mita moja kutoka mtini, au kifungwe kwenye chombo kilichoidhinishwa na IGBC, kamati ya mashirika ya serikali inayoshughulikia grizli, au ndani ya gari lililofungwa. Amri hiyo inahusu pia dawa ya meno, sabuni, takataka na chakula cha farasi. Uzio mdogo wa umeme unaoendeshwa kwa betri ni mzuri sana kwa kambi ya siku nyingi.

Tuambizane ukweli wa jikoni kwetu: dagaa wakavu, samaki wa moshi na mawese vinanukia kilomita nyingi. Vibaki nyumbani, au viingie kwenye chombo kilichoidhinishwa kabla hata sufuria haijapoa. Nguo zenye damu zivuliwe na zitundikwe pamoja na nyama. Usilale nazo, wala usizifanye mto.

Julai 2021 mwendesha baiskeli aliyepiga hema katika kijiji cha Ovando, Montana, aliuawa na grizli usiku. Dubu alikuwa amepita mara ya kwanza, watu wakamfukuza, wakaondoa chakula kwenye mahema, wakarudi kulala. Akarudi. Dubu akija kambini usiku na kusogelea hema, msilale tena hapo. Ingieni garini au nyumba iliyo karibu, na kama hakuna, mkae macho pamoja, spreyi mikononi, hadi kupambazuke muondoke.

Mkikutana uso kwa uso

Usikimbie. Mti usikudanganye: dubu mweusi hupanda kuliko wewe, na grizli hupanda pia. Kama yuko mbali na hajakuona, rudi ulikotoka. Kama amekuona, simama, chomoa spreyi, ondoa kizuizi, zungumza kwa sauti ya chini ya utulivu, kwa Kiswahili au lugha yoyote, rudi nyuma polepole bila kumkazia macho. Akisogea, simama. Dubu anayesimama kwa miguu miwili kwa kawaida anataka kuona na kunusa vizuri. Anayegonganisha meno, anayepumua kwa kishindo, anayelaza masikio, ana wasiwasi na anaweza kuja.

Akija mbio, mara nyingi ni kutisha tu na husimama kabla ya kukufikia, lakini hutajua. Akiwa kati ya mita 18 na 9, bonyeza. Lenga chini kidogo ya kichwa, mbele yake, ili wingu limpokee. Sekunde mbili, tazama, bonyeza tena kama bado anakuja. Akifika karibu kabisa, lenga usoni na uendelee hadi kopo liishe. Upepo ukikurudishia pilipili utakohoa na macho yatachoma; bonyeza tu.

Akikugusa, kinachofuata kinategemea aina na sababu. Grizli uliyemshtua, au mwenye watoto, au anayelinda mzoga, anataka uache kuwa tishio. Lala kifudifudi, begi libaki mgongoni, vidole vifumbatane nyuma ya shingo, miguu itanuliwe asikugeuze. Akikugeuza, endelea kuzunguka hadi urudi kifudifudi. Nyamaza. Akiondoka, usiinuke haraka. Wengi wamepigwa mara ya pili kwa sababu walijitikisa mapema. Ila kama shambulio linaendelea muda mrefu na ameanza kukutafuna, pigana. Dubu mweusi anayekushambulia, pigana tangu mwanzo: mawe, kisu, ngumi, lenga pua na macho. Na dubu yeyote aliyekufuatilia kwa makusudi, au aliyeingia hemani usiku, pigana naye kwa kila ulicho nacho, awe wa aina gani.

Baadaye

Spreyi ikimfanya ageuke, usibaki kukusanya vitu. Ondokeni mkitazama nyuma, muache nyama. Aliyeingiwa na pilipili machoni asuuze kwa maji mengi, asisugue. Aliyejeruhiwa afungwe damu kwanza, kisha tumeni ujumbe wa setilaiti au mpige 911. Wataunganisha na uokoaji wa kaunti na ofisa wa wanyamapori.

Ukilazimika kumpiga risasi grizli, kumbuka kwamba kumuua ni kosa la serikali kuu isipokuwa kwa kujitetea au kumtetea mtu mwingine. Kulinda nyama si kujitetea. Usimfuate kichakani kama amejeruhiwa, usimsogeze, usichukue kucha wala ngozi, usiokote maganda ya risasi. Toa taarifa mara moja. Maofisa watakuja kupima umbali na kusoma nyayo, na alama zikibaki zilivyo zinakutetea wewe. Asiyekiweza Kiingereza vizuri ana haki ya kuomba mkalimani kabla ya kuandika maelezo. Taja GPS ya mahali, saa, idadi ya dubu, kama kulikuwa na watoto, na kama kuna nyama au mzoga uliobaki. Ukifika penye magari, waambie wawindaji wanaojiandaa kuingia bonde hilo, na kwa wasiokuwepo acha karatasi chini ya kifuta kioo cha kila gari lililoegeshwa hapo.